Kwa Nini Vyumba vya Makumbusho Huwa na Kiza

Mgeni anayetoka kwenye jua la saa sita mchana na kuingia chumba chenye nguo au nyaraka za kale mara nyingi hulalamika kwamba haoni kitu. Hudhani umeme ni mdogo, au wenye jumba wanabana matumizi. Ana haki ya kulalamika, lakini kiza kile kimepangwa.

Mwanga huharibu. Rangi za nguo, wino, manyoya na karatasi hunyonya nguvu yake, na nguvu hiyo huzivunjavunja kidogo kidogo. Kanga inayoanikwa juani kila siku hupauka. Ndani ya kabati la kioo mambo ni yale yale, ila huenda taratibu. Na chuma chenye kutu husafishwa, mbao zenye mchwa hutibiwa, lakini rangi halisi ikishapauka hakuna fundi wa kuirudisha.

Kinachohesabiwa ni ukali wa mwanga mara saa ambazo kitu kimemulikwa. Ukali hupimwa kwa luksi. Jua la utosini hufikia luksi 100,000 hivi, ilhali kiwango kinachotumiwa sana kwa nguo na karatasi ni luksi 50. Chukua saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: jumla ni 120,000, yaani kama saa moja na dakika kumi na mbili za jua kali. Pandisha taa hadi luksi 300 ili mgeni afurahi, na kitambaa kile kitapata zaidi ya saa 7 za jua kila mwaka. Baada ya miaka ishirini, mjukuu wa mgeni huyo atakuta nini?

Wamarekani walilipa gharama hiyo. Azimio lao la Uhuru la 1776 lilitundikwa mwaka 1841 katika jengo la Ofisi ya Hataza mjini Washington, likielekea dirisha kubwa, likakaa huko hadi 1876. Wino ulishaathiriwa na mambo mengine pia, lakini miaka ile 35 ya mwanga wa dirishani iliufifisha vibaya. Leo ngozi ambayo Azimio hilo limeandikwa juu yake inahifadhiwa ndani ya gesi ya agoni, katika ukumbi wenye mwanga hafifu, na sahihi nyingi hazisomeki tena.

Si kila kitu kinahitaji kiza hicho. Zitazame siwa mbili maarufu, yaani baragumu za sherehe, za Makumbusho ya Lamu. Ile ya shaba haidhuriki kwa mwanga, hivyo yaweza kumulikwa sana. Kinachotakiwa ni taa itoke ubavuni ili kila mchoro utoe kivuli chake, kwani taa ya mbele hubapisha nakshi zote. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, na kwake hatari kubwa ni joto: taa ya moto ikiwa karibu huikausha pembe hadi ipasuke. Taa za LED zimesaidia sana hapa, maana hazitupi joto jingi juu ya kitu na karibu hazina miale ya urujuanimno.

Kazi ngumu, basi, ni kufanya luksi 50 zitoshe. Jicho hulinganisha, na likitoka juani huhitaji dakika kadhaa kuzoea. Mbunifu mzuri hupunguza mwanga kwa hatua, kuanzia mlangoni, kupitia ukumbi wa kati. Hupaka kuta rangi iliyokolea, huziba madirisha yanayoakisi kwenye vioo, na huandika maelezo kwa herufi kubwa. Hili la mwisho hudharauliwa mno, ingawa jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi tu ya mwanga unaolifikia la kijana wa miaka 20. Wazee wetu, ambao ndio wanaovijua vitu hivi, hawastahili kushindwa kusoma habari zake.

Kwa wasimamizi wa makumbusho yetu, hasa yaliyo ndani ya ngome na majumba ya kale ya pwani: kabla ya kuagiza taa mpya, nunueni kipima mwanga, pimeni kila kabati asubuhi na alasiri, kisha wekeni mapazia pale jua linapoingia.