Kabla Hujatoka Usiku Kuchukua Chaja: Kiboko Anafuata Nini kwenye Nyasi za Naivasha?

Tuseme umelipia nyumba ya wikendi kando ya Ziwa Naivasha. Sitaiita "nyumba ndogo" kwa sababu najua akili zenu zitaenda wapi. Ni kijumba cha kupangisha wageni: chumba kimoja, jiko, baraza, na mbele yake nyasi zilizokatwa vizuri hadi kwenye mafunjo ya ziwa. Upande wa pili wa ua ni hifadhi ya wanyama. Unafika jioni, unapiga picha migunga yenye gome la manjano, mwenye nyumba anakuonyesha mtungi wa gesi na anakupa ufunguo. Halafu anasema, kama mtu anayetaja jambo dogo tu: giza likiingia, usitoke nje bila kumwita askari.

Sisi tulikuwa wanne, wanafunzi wa uzamili waliochoka na tasnifu zao. Tulimjibu "sawa", ile sawa ya kumridhisha mtu. Saa tatu usiku nikakumbuka chaja ya laptopu iko kwenye gari. Gari lilikuwa chini ya mti upande wa ziwa, mita kama ishirini na tano hivi. Nikafungua mlango, miguuni nina patipati.

Askari, mzee mmoja mwenye koti zito, akatokea gizani akaniambia kwa sauti ya chini, "Kijana, rudi ndani. Yuko hapo."

Mimi nilikuwa naangalia gari. Yeye alikuwa anaangalia kona ya jikoni. Alipoelekeza tochi kule, kile nilichodhani ni tangi la maji kilikuwa kinatafuna. Na ukishasikia mlio wa nyasi zikikatwa na mdomo wa kiboko, krap, krap, krap, polepole bila haraka yoyote, hutausahau.

Nilirudi ndani. Usingizi haukuja, basi nikakaa dirishani nikijiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza kabla ya kulipia nyumba: huyu mnyama anaishi majini, sasa hapa jikoni anafuata nini?

Jibu fupi ni kwamba majini hakuna chakula chake. Watu wengi hudhani kiboko hula mimea ya ziwa. Anaweza kuionja, lakini chakula chake hasa ni nyasi fupi za nchi kavu. Midomo yake ni mipana na migumu, na ndiyo inayokata nyasi karibu kabisa na udongo. Yale meno makubwa ya kutisha hayahusiki na kula, ni ya kupigana. Sasa fikiria: mnyama anayependa nyasi fupi na laini, karibu na maji, zisizo na vichaka. Umetengeneza nini mbele ya kijumba chako kama si hicho hicho?

Kwa nini basi asije mchana? Shida ni ngozi. Ngozi ya kiboko kwa ujumla ni nene, lakini tabaka lake la juu kabisa ni jembamba sana na hupoteza maji haraka. Akikaa juani muda mrefu, inakauka na kupasuka. Hana tezi za jasho kama zetu. Anacho kioevu chekundu kinachotoka kwenye ngozi, kile kilichowafanya watu wa zamani waseme kiboko hutoka jasho la damu. Si damu wala si jasho. Mwaka wa 2004 watafiti wa Japani walichambua rangi zake na kukuta kwamba zinakinga ngozi dhidi ya miale ya jua, na moja kati yake inazuia bakteria kukua. Yaani mnyama amejipaka losheni yake mwenyewe, na bado haitoshi kumweka nje mchana kutwa. Kwa hiyo anashinda majini, anatoka jua likizama, anarudi kabla ya mapambazuko.

Hapa kuna hesabu ninayoipenda. Kiboko mzima huwa na uzito wa kilo 1,500 hivi, na madume makubwa hupita hapo kwa mbali. Kwa usiku mmoja anakula takriban kilo 40 za nyasi. Ng'ombe wa kilo 400 anaweza kumaliza kiasi hicho hicho cha majani mabichi kwa siku. Mnyama karibu mara nne ya ng'ombe, anakula kama ng'ombe! Siri ni kwamba mchana kutwa maji yanambebea uzito wake. Hatembei sana, hahangaiki, anatumia nguvu kidogo. Ule uvivu tunaomcheka nao ndio unaomlisha.

Lakini uvivu huo usikudanganye. Kiboko anaweza kukimbia kilomita 30 kwa saa, yaani zaidi ya mita nane kila sekunde. Mita zangu ishirini na tano angezimaliza kwa sekunde tatu. Na mpangilio wa usiku ule ulikuwa mbaya kuliko nilivyojua: yeye yuko jikoni, gari liko upande wa ziwa. Ningetembea moja kwa moja hadi katikati, kati ya kiboko na maji yake. Kiboko akiwa nchi kavu, ulinzi wake ni kurudi majini, na akishtuka hatafuti njia ya kukuzunguka. Hakuwindi, wala hakuli. Anapita tu palipo na wewe. Wavuvi na wakulima wa kando ya ziwa hili wanalijua hilo kwa uchungu, kwa sababu wao hawaji wikendi moja. Maji yalipopanda mwaka wa 2020 na kuingia makazi ya Kihoto mjini Naivasha, mpaka wa ziwa ulisogea hadi milangoni mwa watu, na mnyama anayetembea toka maji hadi nyasi hajui kwamba njia yake sasa inapita uani kwa mtu.

Sasa nije kwenye sehemu iliyonifanya niandike makala hii, na samahani kama unakula: mavi.

Kiboko anakula nchi kavu lakini sehemu kubwa ya choo chake anaimalizia majini. Kila usiku, basi, kuna mzigo unaohama kutoka kwenye nyasi kwenda kwenye maji. Utafiti uliofanywa kwenye Mto Mara, upande wa Kenya, ambako kuna viboko zaidi ya 4,000, ulikadiria kwamba huingiza mtoni takriban tani 36 za kinyesi kila siku. Ndani yake mna kaboni, naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea ya viumbe wa majini.

Mna kitu kingine pia. Umewahi kukatwa kidole na jani la nyasi? Nyasi hujijaza silika, madini yale yale yanayotengeneza kioo, na ndiyo maana kingo zake ni kali. Majini kuna viumbe vidogo sana viitwavyo diatomu, mwani wenye ganda la silika, na wadudu na samaki wadogo huwategemea kwa chakula. Mwaka wa 2019 kundi la wanasayansi lilichapisha makadirio kwamba viboko wa Mara huingiza mtoni karibu kilo 400 za silikoni kila siku. Bila wao, sehemu kubwa ya hiyo ingebaki kwenye udongo. Kwa hiyo lile jani lililokukata kidole lina njia ya kuwa samaki, na njia yenyewe inapita tumboni mwa kiboko.

Mzigo huo ukizidi, unadhuru. Bakteria wanaoozesha kinyesi hutumia oksijeni, na kule Mara imeonekana kwamba mvua kubwa ikisukuma maji machafu ya madimbwi ya viboko, samaki walio chini hufa kwa kukosa hewa.

Naivasha si Mara, ila. Mito ya Malewa na Gilgil inaingia, lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kuvukizwa na jua na kwa kupenya ardhini, na kupenya huko ndiko kunakoyaacha yawe baridi na si ya chumvi. Fosforasi haivukizwi. Sehemu kubwa ya inayoingia inakaa. Ndiyo maana nikisikia mgeni akisema ziwa limekuwa kijani kwa sababu ya mavi ya viboko, nakereka kidogo. Kiboko anarudisha kilichoota pale pale ufukweni. Mbolea ya mashamba na maji taka ya mji ni mzigo mpya kutoka nje ya mzunguko huo. Na kama mwenye kijumba anatia mbolea ya dukani kwenye nyasi zake ili zipendeze pichani, basi amempa kiboko kazi ya kuibeba hadi ziwani.

Mafunjo ndiyo kichujio. Mizizi yake hukamata tope na virutubisho kabla havijafika maji ya wazi, na viboko hupenya humo kwa vijia vyembamba wanavyovitumia kila usiku. Kijumba chetu kilikuwa kimefyeka mafunjo kipande kizima ili tuone ziwa tukiwa kitandani. Nakiri, niliichagua nyumba ile kwa sababu ya picha hiyo. Hapo ambapo kungekuwa na kijia kimoja, tuliwafungulia barabara, tena inayoelekea jikoni.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu mzee alikuwa bado macho. Nyayo zilikuwa kwenye umande, vidole vinne kila mguu, kutoka kona ya jikoni hadi majini, na zilipita kati ya mlango wetu na gari. Gari lenyewe lilikuwa limerashiwa mavi hadi kwenye namba ya nyuma, kwa sababu kiboko huyatawanya kwa mkia kama feni.

"Sasa nenda kachukue kitu chako," mzee akasema.

Laptopu ilikuwa imezima tangu saa nne usiku.