Barua Zisizojibiwa

Wazee wetu walisema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Lakini siku hizi nyumba nyingi, hata nyumba za walimu, hazina mahali pa kuweka barua zilizofika. Maneno hupelekwa kwa simu, husomwa mara moja, na simu ikipotea, maneno nayo yamepotea.

Sisi nasi tumo katika kosa hili. Mwaka jana, tulipokuwa twatafuta cheti sandukuni, tuliona barua ya shangazi yetu imekunjwa ndani ya kitabu. Aliuliza neno moja tu: mpaka wa shamba la babu wapita upande gani wa mwembe? Majirani walikuwa wameanza kulima, na sisi ndio tuliotembezwa mpakani na babu tulipokuwa wadogo. Barua hiyo tuliisoma siku ilipofika, tukasema, "Tutajibu kesho." Sasa shangazi amekwisha kufa, na mwembe umekatwa.

Tangu siku ile twamkumbuka sana Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu huko Oxford, Uingereza. Wengi wamjua kwa jina la Lewis Carroll, mtungaji wa hadithi ya Elisi, iliyotolewa kwa Kiswahili mwaka 1940. Tarehe 1 Januari, 1861, alifungua daftari, akaandika humo kila barua aliyoipeleka na kila aliyoipokea, kwa namba yake na muhtasari wa maneno yake. Alipokufa Januari 1898, namba ilikuwa imefika 98,721. Yaani yapata barua saba kila siku kwa miaka 37! Hatumwambii mtu afanye hivyo.

Lakini mashauri yake, aliyoyapiga chapa mwaka 1890, yatufaa. Ujibupo barua, iweke mbele yako uisome tena kwanza. Ukiandika barua iwezayo kumuudhi rafiki, ilaze hata kesho, kisha uisome kana kwamba wewe ndiwe uliyeandikiwa. Na uendapo posta, ichukue barua mkononi. Ukiitia mfukoni utarudi nayo nyumbani. (Hili la mfuko sisi twalijua sana.)

Daftari lake lenyewe limepotea. Zilizobaki ni barua, maelfu kwa maelfu, kwa sababu wale walioandikiwa, na wengi wao walikuwa watoto, walizitunza.

Basi tumenunua daftari la shule, tukapiga mistari: tarehe ya kufika, jina, neno lililoulizwa, tarehe ya jibu. Hata maneno ya simu yaliyo mazito twayanakili humo. Kila Jumamosi jioni binti yetu husoma kwa sauti majina ya wasiojibiwa, wala hatuhurumii. Barua ya shangazi tuliiandika namba 1. Mahali pa tarehe ya jibu pako wazi.