Mtoto akikataa chakula, usimlazimishe

Wazazi wengi huingiwa na wasiwasi mtoto wa mwaka mmoja na nusu anapokataa chakula. Aliyezaliwa na kilo 3 hufikisha kilo 9 hivi akitimiza mwaka, lakini mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 3 pekee. Ndiyo sababu hamu yake hupungua.

Usimzibe pua wala kumchapa; ataiogopa sahani. Mpe kidogo kidogo, akila pamoja na wenzake. Usimpe chai karibu na mlo: humshibisha bure na kupunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini. Mboga aliyoitema leo, mwonjeshe tena siku nyingine, hata mara 10. Lakini kadi ya kliniki ikionyesha uzani haupandi, mpeleke kwa daktari.