Kuku nao wanasikia baridi

Mu mwezi wa 6 na wa 7, hapa kwetu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mchana jua iko, lakini usiku baridi inaingia mpaka mu mifupa. Siye tunajifunika mablangeti. Na kuku wa ku lupango?

Mwaka jana tulikosa. Tuliziba matundu yote ya kibanda kwa mifuko, tukaweka ndani mbabula ya makala. Asubuhi tulikuta kuku wane wamekufa, bila kidonda. Baridi haikuwaua; ni hewa ya makala. Haionekani, haina harufu. Wenzetu wanaotumika chini ya udongo kule Kipushi wanajua: pahali hewa haipite, mtu hakai.

Ndugu, kuku ana manyoya; baridi kavu anaivumilia. Kinachomuumiza ni upepo wa chini na unyevu wa mavi yake. Basi ziba upande upepo unatokea, lakini acha tundu juu, karibu na manjanja. Chini tandika majani makavu, yakilowa, badilisha. Mti wa kulalia uwe mpana, kuku afunike vidole na manyoya ya tumbo.

Mangaribi, mama, uwape mahindi: tumbo likitumika usiku, mwili unapata moto. Vifaranga walale chini ya mama yao.

Na mbabula? Ibaki inje. Si kwa kuku tu: hata mu chumba ya watoto, mbele ya kulala, itoke.