Meza ya marumaru: jinsi ya kuipamba na kuitunza huku ikitumika kila siku

Siku moja ya Krismasi, kwetu Mjimwema, bakuli la kachumbari lilipinduka juu ya meza ya marumaru. Tulifuta kwa kitambaa, tukaendelea kula. Asubuhi yake pale palipomwagika palikuwa pamefifia, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Tukadhani ni uchafu, tukachukua waya wa kusugulia sufuria. Tulipomaliza, alama ya ukubwa wa kiganja ilikuwa imegeuka eneo zima lililochubuka, na mtoto aliyegonga bakuli alikuwa ameshagombezwa vya kutosha.

Kosa kubwa halikuwa la mtoto. Lilikuwa letu watu wazima, kwa sababu hatukujua ile meza imetengenezwa na nini. Siku hizi mavuno ya parachichi au viazi yakienda vizuri, kuna familia inayoamua kununua meza ya namna hii. Ni fedha nyingi, kwa hiyo tueleze mambo yalivyo.

Ndugu wa chokaa ya shambani

Msikilizaji mkulima, chokaa unaijua. Udongo wa maeneo mengi ya Njombe una tindikali, ndiyo maana tunashauriwa kuweka chokaa kabla ya kupanda. Chokaa ikikutana na tindikali huipunguza nguvu, lakini yenyewe huliwa.

Marumaru ni jiwe la chokaa lililopata joto na mgandamizo mkubwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka, likawa gumu kiasi cha kuweza kung'arishwa. Hapa nchini lipo, kwa mfano katika milima ya Mahenge mkoani Morogoro, ambako wachimbaji hupata vito vyekundu vya spineli ndani ya marumaru.

Kwa hiyo limau likidondoka mezani hutokea kile kile kinachotokea shambani: tindikali inakula chokaa. Vya kuangalia ni limau, siki, nyanya, machungwa, nanasi, soda, mtindi, mvinyo na ulanzi uliochacha. Havihitaji kukaa usiku kucha. Dakika chache zinatosha kuondoa mng'ao.

Jambo la pili ni ugumu wake. Marumaru ni laini kuliko kioo, na mchanga ni mgumu kuliko vyote viwili. Chembe za mchanga zilizoganda chini ya sufuria au chungu huchora meza kila chombo kinapoburutwa.

Hakikisha kabla ya kulipa

Madukani jina la marumaru hupewa vitu vingi: kioo kilichochorwa mishipa, mbao iliyobandikwa karatasi, kigae kikubwa, au unga wa mawe ulioshikanishwa kwa gundi. Vingine ni vizuri tu, lakini bei na matunzo yake si sawa.

Angalia ukingo wa meza. Kwenye jiwe halisi mishipa haiishii juu, hushuka hadi pembeni. Kisha iguse, jiwe huwa baridi. Muuzaji akikuruhusu, dondoshea tone la limau mahali pasipoonekana upande wa chini, subiri dakika chache, ufute. Marumaru itafifia pale, wakati mwingine na vipovu vidogo vitatoka. Itale, lile jiwe gumu lenye chengachenga, halitabadilika.

Fikiria na uzito. Bamba la marumaru la sentimita 150 kwa 90, lenye unene wa sentimita 2, lina takriban kilo 73 bila miguu. Likipakiwa kwenye kirikuu lisimamishwe kwa ukingo wake kama kioo, lifungwe vizuri na kuwekewa godoro au mablanketi. Likilazwa, mtikisiko wa barabara unaweza kulikata kwenye mshipa. Hata ndani ya nyumba, msiliinue kwa kushika ncha mbili tu likiwa limelala.

Usafi wa kila siku

Tumia maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo na kitambaa laini; fulana kuukuu inafaa sana. Futa tena kwa maji matupu, kisha kausha. Usiache maji yakaukie mezani, maana hubakiza ukungu mweupe.

Usitumie siki wala limau, hata kama kwenye vyombo vingine yanang'arisha. Jivu, mchanga, sabuni ya unga yenye chengachenga na waya wa sufuria vibaki kwenye masufuria. Dawa ya kusafishia choo isikaribie kabisa, kwa sababu nyingi zina tindikali kali.

Kitu kikimwagika, kinyonye kwa kitambaa kwa kukandamiza, usikisambaze. Halafu osha kwa maji na sabuni.

Maduka ya vifaa vya ujenzi na vigae huuza dawa ya kuziba vitundu vya mawe. Kujua kama inahitajika, weka matone ya maji juu ya meza kwa dakika 10 hadi 15. Pakibadilika rangi na kuwa peusi zaidi, jiwe linanyonya, lipake dawa. Ila dawa hiyo huzuia mafuta na chai kuzama ndani. Haizuii limau kula uso wa jiwe.

Doa au kovu?

Haya mawili hayatibiwi kwa njia moja. Doa ni kitu kilichozama ndani: mafuta ya parachichi, chai, manjano, wino wa kalamu. Rangi hubadilika lakini mng'ao unabaki. Kovu ni pale tindikali ilipokula: mng'ao umeondoka, na ukitazama kwa pembeni panaonekana pamefifia.

Kwa doa la mafuta, changanya bekingi soda na maji kidogo upate uji mzito kama ugali laini. Usitumie bekingi pauda, kwa kuwa imechanganywa na tindikali ya unga. Paka juu ya doa, funika kwa nailoni, acha siku nzima. Kisha ondoa nailoni, acha ukauke wenyewe, ufute. Doa la zamani linaweza kuhitaji kurudiwa mara mbili au tatu.

Kovu haliondoki kwa kuosha. Linahitaji kung'arishwa upya kwa msasa laini wa maji na unga wa kung'arishia. Tafuta fundi wa terazo, kwa sababu terazo nyingi huwa na vipande vya marumaru, na kazi hiyo anaijua. Mwambie ajaribu upande wa chini kwanza.

Kuipamba bila kuiharibu

Marumaru tayari ina urembo wake, usiijaze. Kitambaa cha kufuma katikati kinatosha, na juu yake kikapu cha milulu chenye matunda, kama vile vinavyosukwa upande wa Iringa. Limau lililokatwa libaki kwenye sahani.

Kwa chakula, weka mkeka mdogo wa ukindu mbele ya kila mtu na ubao mnene chini ya sufuria. Miezi ya Juni na Julai, baridi yetu inapokuwa kali, ubao huo ni wa lazima: sufuria la moto juu ya jiwe baridi linaweza kulipasua.

Wengi hufunika meza kwa nailoni mwaka mzima. Tunaelewa sababu, lakini unyevu na juisi vikiingia chini yake havikauki na havionekani. Ukifunika, funua kila jioni ufute.

Sisi meza yetu bado ina lile kovu, maana fundi tulimwita kung'arisha eneo tulilochubua, na pale kachumbari ilipomwagika pameendelea kuonekana kidogo ukikaa upande wa dirisha. Watoto bado wanalia chakula hapo na kufanyia kazi zao za shule. Tulichobadilisha ni kwamba sasa kila mmoja, hata yule mdogo, anajua kitambaa kilipo na anajua kukimbilia limau kabla ya kuulizwa nani kamwaga.