Mitaa ya Waarabu na Wamalai: Ukutani, nyuma ya majumba ya Sultani (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia safari yenyewe: basi la Katesh hadi Dar es Salaam, boti ya kuvukia Unguja, na pepo za kaskazi na kusi zilizowaleta na kuwarudisha Waarabu kwa majahazi karne nyingi kabla ya boti hizo. Leo tunaingia mitaani. Wasomaji wa Gendabi mtakaojaliwa kufika Mji Mkongwe, nawasihi msiishie Forodhani. Wageni wengi hupiga picha mbele ya Ngome Kongwe na Beit el Ajaib, wakanywa urojo jioni, wakarudi zao. Hakuna ubaya, ila roho ya mji ule haikukaa katika majumba ya masultani. Ilikaa vyuoni, misikitini na kwenye baraza za vichochoroni, na huko ndiko kwa kwenda.

Kwanza itazame nyumba. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita na zaidi. Dari limebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haina urefu wa kutosha kuvusha chumba kipana, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba, upana wake mara nyingi mita tatu hivi. Tajiri aliyetaka nafasi zaidi aliongeza ghorofa au ukumbi, lakini chumba kilibaki na upana wa mti.

Anayelijua tembe la Wairaqw kule Mbulu ataielewa nyumba hii upesi. Paa la tembe lisipokandikwa upya baada ya masika, maji hupenya na miti huoza. Nyumba ya mawe nayo huishi kwa kupakwa chokaa mara kwa mara, kwa sababu chokaa huruhusu unyevu kutoka. Fundi asiyejua akiipiga plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani ya ukuta, na ncha za boriti huoza pale zilipochomekwa bila mtu kuona. Sisi wa Gendabi na Katesh, tulioshuhudia tope la Mlima Hanang likizoa nyumba Desemba 3, 2023, tunajua maana ya kupoteza makazi kwa asubuhi moja. Unguja hupoteza nyumba zake moja moja, masika baada ya masika. Hata Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 25, 2020, likiwa katika ukarabati.

Mlangoni nako usipite haraka. Mbao mbili za mlango hukutana kwenye mfaa, ule uti wa katikati uliochongwa nakshi kuanzia juu hadi chini. Tazama kizingiti cha juu: kwenye milango ya zamani kimenyooka, pengine kina maandishi ya Kiarabu, ilhali milango yenye tao juu inafuata mtindo wa Kihindi ulioenea mwishoni mwa karne ya 19. Pembeni mwa mlango kuna baraza ya saruji au chokaa, na hapo mwenye nyumba humkaribisha mgeni asiyemfahamu bila kumwingiza ndani kwa familia.

Sasa twende Ukutani. Katika mtaa huu alifundisha Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka 1860 katika ukoo wenye asili ya Hadhramaut, nchi ya kusini mwa Arabuni. Mwenzake na mwalimu wake alikuwa Sayyid Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija, kadhi wa Unguja. Wote wawili walifariki mwaka 1925, baada ya kusomesha kizazi kizima cha masheikh wa pwani hii. Wahadhrami wa aina yao walikwenda pande zote za bahari. Ndugu zao walifika Java na Singapore, wakaoa kwa Wamalai, wakajenga misikiti. Mtu wa Tarim, mji wa Hadhramaut, angeweza kuwa na binamu Lamu na mwingine Singapore, na barua zikawafikia wote.

Kabla tu ya Vita Kuu ya Kwanza, Bakathir alisafiri hadi Cape Town kusuluhisha mgogoro wa sala ya Ijumaa baina ya Waislamu wa huko, wanaoitwa Wamalai. Watu hao ni wazao wa watumwa, wafungwa na watu waliohamishwa kwa nguvu na Waholanzi kutoka visiwa vya mashariki ya mbali na kwingineko. Msikiti wao wa kwanza, Auwal, uko mtaa wa Bo-Kaap, na imamu wake wa kwanza alikuwa Tuan Guru, mtoto wa kifalme wa kisiwa cha Tidore. Waholanzi walimfunga Robben Island kuanzia mwaka 1780 hadi 1793, naye humo gerezani akaandika msahafu mzima kwa kuhifadhi kichwani.

Tidore ni mojawapo ya visiwa vya Maluku, na Maluku ndiyo asili ya karafuu. Mche huo ulipitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ukapandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na fedha yake ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya nyumba hizi za mawe. Msomaji wa bara lazima alijue na hili: karafuu ile ililimwa na watumwa, wengi wao wakitoka huku kwetu bara, na soko la kuwauza lilikuwa mtaa wa Mkunazini hadi lilipofungwa mwaka 1873. Dini iliyofundishwa Ukutani ilikuwa ya mabwana na ya watumwa pia. Kule Bo-Kaap iliwakusanya zaidi waliokuwa wamefungwa. Kwangu mimi, ndilo jambo zito kuliko yote ya mitaa hii miwili, na kitabu cha mwongozo wa watalii hakitakueleza.

Ukifika, tafuta mwenyeji akuongoze. Watoto wa madrasa wanajua vichochoro kuliko ramani. Vaa nguo ya heshima, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu au ya mlango wake, na usikatize mbele ya msikiti wakati watu wanatoka kusali. Baada ya Alasiri wazee hukaa barazani na kahawa. Piga hodi, toa salamu, wataanza wao kukuuliza umetoka wapi.

Sehemu ya tatu itaeleza wakfu: jinsi nyumba na maduka yalivyotolewa yagharimie misikiti na vyuo, na yaliyoyapata baada ya Mapinduzi ya 1964.