Adapta Imekufa? Anza na Waya

Watu huniletea king'amuzi au ruta wakisema imeungua, kumbe kifaa ni kizima na kilichokufa ni adapta yake. Nikiikagua, mara nyingi tatizo ni waya, uliokatika kwa ndani karibu na kisanduku au karibu na pini, tunapoukunja na kuuvuta kila siku. Uchezeshe taratibu: taa ikiwaka na kuzima, umepaona.

Waya huo wa upande wa pini hubeba volti 5, 9 au 12, na ukiwa umekatika katikati au karibu na pini unaweza kuuunga mwenyewe. Chomoa kwanza adapta kwenye soketi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Kata kipande kibovu, menya ncha, unga chanya na chanya, hasi na hasi. Maungio mawili yasikae mkabala, yasije yakagusana. Yalehemu, zungushia kila moja soltepu ya umeme, kisha yafunike yote kwa pamoja. Kabla ya kurudisha pini kwenye kifaa, ipime kwa mita. Volti na upande wa chanya vilingane na maandishi ya kwenye kisanduku.

Kisanduku chenyewe usikifungue. Umeme wa volti 230 ukishaingia humo hugeuzwa kuwa DC na kujaa kwenye kapasita kwa takriban volti 325, na kapasita hiyo inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Humo pia mna transfoma ndogo inayoutenga umeme wa ukutani na waya tunaoushika. Ukiharibu utengano huo, adapta inaweza kufanya kazi vizuri huku umeme wa ukutani ukifika kwenye kifaa anachokishika mtoto.

Kwa hiyo kisanduku kikinuka kuungua, kikipasuka, au waya ukikatikia kwenye shina lake, nunua adapta nyingine. Volti ziwe zilezile. Ampea ziwe sawa au zaidi, maana kifaa huvuta kiasi kinachohitaji tu. Zikipungua, adapta huchemka. Angalia pia mchoro unaoonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje.

Wateja wangu nawafundisha kuunga waya bila kinyongo, ingawa napoteza kazi. Kupasua kisanduku simfundishi mtu asiye fundi, hata akinilipa.